Nimehamia Django 5.2: dakika 33 zilizopotea na mengine niliyokutana nayo

Mfumo ninaousimamia ni wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Si mkubwa: wanachama elfu mbili na kitu, keshia wawili, mhasibu mmoja, mama mtu mzima asiyependa mzaha na namba zake, na seva moja ya kukodi yenye Ubuntu 22.04. Niliuandika kwa Django, zana ya kujengea mifumo ya tovuti, mwaka 2021, toleo 3.2 likiwa ndiyo kwanza limetoka. Mwaka 2023 nikaupandisha hadi 4.2, kisha nikauacha hapo. Ulikuwa unafanya kazi, na mimi mfumo unaoshika hela za watu, maadamu unafanya kazi, siugusigusi.

Kilichonitoa usingizini ni kalenda. Django hutoa toleo jipya kila baada ya miezi minane hivi, ila lile linaloishia na .2 ndilo la kukaa nalo, kwa sababu hupewa viraka vya usalama kwa miaka mitatu. 4.2 ilitoka Aprili 2023, kwa hiyo mwisho wake ni Aprili 2026. 5.2 ilitoka tarehe 2 Aprili 2025, nayo itahudumiwa hadi Aprili 2028. Jamaa yangu mmoja alikwenda Arusha Agosti 2025 kwenye DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Django (ule wa kwanza ulifanyika Zanzibar mwaka 2023), akarudi na swali moja tu: “Mzee, bado uko 4.2?” Nikamjibu nina mpango. Sikuwa na mpango wowote.

Kwa ambaye hajaitumia: Django ni fremuweki huria, yaani kiunzi cha msimbo, ya lugha ya Python ya kujengea tovuti na mifumo. Ilianzia mwaka 2003 kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma 2005. Jina ni la mpiga gitaa Django Reinhardt, na ile D ya mwanzo haitamkwi, ingawa hapa kwetu tunaitamka tu na hakuna aliyekamatwa. Naitaja asili hiyo ya gazetini kwa sababu inaeleza kwa nini niliichagua: ukurasa wake wa usimamizi, ule wa admin, ulitengenezwa ili watu wasio mafundi waweze kuingiza na kurekebisha taarifa wenyewe. Mhasibu wangu anautumia kila siku na hajui kwamba una jina.

Sikuruka moja kwa moja kutoka 4.2 hadi 5.2. Nilipanda ngazi kwa ngazi, 5.0, kisha 5.1, kisha 5.2, na kila hatua nikaendesha majaribio kwa `python -Wa manage.py test`. Hiyo `-Wa` usiiache. Django haiondoi kitu bila kukuonya matoleo kadhaa kabla, lakini Python kwa kawaida huyaficha maonyo hayo. Mimi yalikuwa yamenisubiri tangu 2021, yamekaa kimya kama barua za benki zisizofunguliwa. Kupakua lenyewe hakuumizi bando, ni megabaiti 8 na ushei.

Cha kwanza kuvunjika kilikuwa kitufe cha Toka. Kwangu kilikuwa kiungo cha kawaida tu, unabofya unatoka. Kuanzia 5.0 hilo halikubaliki tena: kutoka lazima kupitie fomu yenye POST (ombi la kutuma taarifa, si la kufungua ukurasa tu) na tokeni yake ya `csrf`, alama ya siri inayothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa wako. Nilirekebisha ukurasa mkuu, nikasahau wa keshia. Saa mbili asubuhi simu ikaita.

“Kaka, hii kompyuta imegoma kunitoa.”

“Inasemaje, dada?”

“Inasema mia nne na tano. Nisubiri zamu yangu au?”

Hilo ni kosa la 405, yaani ombi limekuja kwa njia isiyokubaliwa. Dakika tano nikawa nimemaliza. Sababu ya mabadiliko hayo naiunga mkono: kiungo cha kawaida kinaweza kuchokozwa na picha iliyopachikwa kwenye ukurasa mwingine kabisa, mtu akajikuta ametolewa nje bila kubofya chochote.

Cha pili kilinitisha zaidi kwa sababu hakikupiga kelele. Picha za vitambulisho vya wanachama tunazihifadhi kwenye hifadhi ya mbali, si kwenye seva. Hilo nilikuwa nimelipanga kwa `DEFAULT_FILE_STORAGE`. 4.2 ilileta mpangilio mpya uitwao `STORAGES`, na ule wa zamani ukaondolewa 5.1. Sasa angalia: ukiuacha ule wa zamani kwenye `settings.py`, faili la mipangilio, Django haikuambii kitu. Inaupuuza tu, inarudi kwenye chaguo lake la msingi, yaani diski ya seva yenyewe. Picha zilikuwa zinapakiwa vizuri na zinaonekana vizuri, ila zimekaa mahali pasipo nakala rudufu. Niligundua nikiwa kwenye seva ya majaribio, na ni kwa bahati tu, nilikuwa naangalia nafasi ya diski kwa jambo lingine. Hapa nawalaumu kidogo walioitengeneza. Mpangilio uliokufa ungestahili angalau mstari mmoja wa kilio pale mfumo unapowaka.

Cha tatu ndicho kilichonikalisha wiki nzima, na kosa lilikuwa langu tangu mwanzo.

Zamani Django ilishughulikia majira ya saa kwa maktaba iitwayo `pytz`. Kuanzia 4.0 ikahamia `zoneinfo`, iliyomo ndani ya Python yenyewe, na kwa wavivu kama mimi ikaacha kimlango: `USE_DEPRECATED_PYTZ = True`. Nilikiweka, kama mtu anayekunja karatasi na kuichomeka chini ya mguu wa meza. 5.0 ikaiondoa karatasi. Basi nikapita faili baada ya faili kung'oa `pytz`, hadi nikafika kwenye ripoti ya malipo ya mwezi, ambako mimi mwenyewe, mwaka 2021, niliandika kitu kama `datetime(mwaka, mwezi, 1, tzinfo=pytz.timezone("Africa/Dar_es_Salaam"))`.

Ukiitumia `pytz` namna hiyo, haikupi saa tatu mbele ya UTC (saa ya marejeo ya dunia) kama unavyotarajia. Inakupa rekodi ya kwanza kabisa kwenye orodha yake, ambayo ni saa ya jua ya enzi za kabla ya majira rasmi. Na kwa kuwa kwenye hifadhidata ya majira ya saa Dar es Salaam imeunganishwa na Nairobi, unapata saa ya jua ya Nairobi: saa 2 na dakika 27 mbele ya UTC. Pungufu ya dakika 33. Ripoti yangu, iliyodhani inaanza saa sita kamili usiku, ilikuwa inaanza saa sita na dakika 33. Kila aliyelipa kwa simu ndani ya dakika hizo alihesabiwa siku iliyotangulia, na kama ilikuwa usiku wa mwisho wa mwezi, alihesabiwa mwezi uliopita.

Utasema nani analipa mkopo saa sita usiku. Wanaolipa ni wale waliokumbuka kitandani kwamba leo ndiyo mwisho. Kwa miaka minne niliyokagua, malipo kumi na tisa yalikuwa yamekaa kwenye mwezi usio wake. Hakuna hata shilingi iliyopotea, na salio la kila mwanachama lilikuwa sahihi. Ripoti tu ndizo zilizodanganya. Lakini ripoti hizo zilishachapwa, zikasainiwa, zikapigwa mhuri na kuwekwa kabatini, na mfumo mpya sasa ulikuwa unatoa jumla tofauti.

Nilimpigia mhasibu mwenyewe kabla hajagundua. Nikachelewa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, Machi yangu umeipeleka wapi?”

Nilikwenda ofisini. Tulikaa na mafaili yake, yeye na miwani, mimi na laptopu, tukatengeneza jedwali la marekebisho lenye mistari kumi na tisa, kila mstari na saa yake. Alipoelewa kwamba chanzo ni saa ya jua ya Nairobi ya kabla ya babu yake kuzaliwa, alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaniambia nimwandikie hayo yote kwa Kiswahili cha mkaguzi. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Sasa mambo mapya yenyewe, maana hii ni tathmini na si maungamo.

Ninachokifurahia kila siku ni kidogo mno kukisifia: ukiandika `manage.py shell`, yaani dirisha la kuandika amri za Python, kwenye 5.2, modeli zako zote (msimbo unaowakilisha majedwali ya hifadhidata) zinakuwa zimeshaingizwa. Inakupa mstari mmoja unaosema vimeingizwa vingapi, basi, unaandika `Mkopo.objects.filter(...)` moja kwa moja. Kwa miaka minne nilikuwa nabandika mistari ileile sita kila ninapofungua. Watu wamekuwa wakisakinisha maktaba ya pembeni kwa ajili ya hili tu.

`GeneratedField`, iliyokuja na 5.0, ni safu inayokokotolewa na hifadhidata yenyewe. Baki la mkopo kwangu sasa ni kiasi kutoa kilicholipwa, na PostgreSQL, hifadhidata tunayoitumia, ndiyo inayopiga hesabu, si msimbo wangu. Inaona safu za mstari uleule tu, haiwezi kujumlisha kutoka jedwali lingine, kwa hiyo ilibidi kilicholipwa nikiweke kwenye jedwali la mikopo. Halafu kuna mtego: ukibadilisha rekodi na kuita `save()`, kile kitu ulichonacho mkononi bado kinabeba baki la zamani hadi uite `refresh_from_db()` ili kisomwe upya. Jaribio langu la risiti lilikamata hilo. Lisingelikamata, mwanachama angelipa laki moja na kupewa karatasi inayosema bado anadaiwa kama jana. Toleo 6.0 limelitatua kwa hifadhidata kama PostgreSQL, lakini ukiwa 5.2 likumbuke.

Kwenye admin, vichujio vya pembeni sasa vinaweza kuonyesha idadi: mikopo inayoendelea mingapi, iliyochelewa mingapi. Mhasibu aliiona mwenyewe, akaniuliza kwa nini sikumwekea siku zote. Kuziwasha kunaongeza maswali kwa hifadhidata, kwa hiyo kwenye jedwali la miamala, ambalo ni refu, nimezizima.

Tagi ya `querystring` ya 5.1 imenifutia msimbo mchafu niliokuwa nao wa kufungua ukurasa wa pili bila kupoteza vichujio. Dimbwi la miunganisho ya PostgreSQL, yaani miunganisho inayowekwa tayari na kutumiwa kwa zamu, nalo nililiwasha, likakataa kwa sababu nilikuwa nimeacha `CONN_MAX_AGE`, muda wa kuuacha muunganisho wazi. Viwili hivyo haviendi pamoja. Nikairudisha kuwa sifuri, likakubali. Kwa ukubwa wetu sioni tofauti yoyote.

Kilichopambwa sana kwenye tangazo la 5.2 ni ufunguo mkuu, yaani kinachotambulisha kila mstari wa jedwali, wa safu mbili au zaidi. Niliusubiri kwa hamu, maana nina jedwali la michango ambalo kwa haki lingetambuliwa kwa mwanachama na mwezi. Nikakuta jedwali ambalo tayari lipo huwezi kulihamisha kuja kwenye mfumo huo, jedwali lingine haliwezi kuwa na `ForeignKey`, yaani kiungo, inayolielekea, na modeli ya aina hiyo haisajiliwi kwenye admin. Kwangu, jedwali lisilofika admin ni jedwali ambalo mama hawezi kulifungua. Nimeliacha na `id` yake na kikwazo cha kuzuia marudio, kama zamani.

Kiswahili kipo ndani, kwa `LANGUAGE_CODE = "sw"`, na ndivyo tunavyoutumia mfumo. Si kila neno limetafsiriwa; unasoma Kiswahili, ghafla sentensi ya Kiingereza inakurukia, kisha mnaendelea. Saa ndiyo imebaki ya kizungu. Niliandika kichujio kidogo cha kiolezo kinachogeuza 14:10 kuwa saa nane na dakika kumi mchana, na baada ya lile sakata la dakika 33 nimekiandikia majaribio mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mfumo.

Je, uhame? Kama uko 4.2, ndiyo, na usingoje. 5.2 inakubali Python 3.10 hadi 3.14 (hiyo ya mwisho kuanzia 5.2.8) na PostgreSQL kuanzia 14, na Ubuntu 22.04 huja na Python 3.10 na PostgreSQL 14, yaani kama seva yako ni ya rika la yangu huhitaji kugusa kitu chini. Ndiyo maana sikwenda 6.0 moja kwa moja: hiyo inataka Python 3.12. Kama unaanza mradi mpya kwenye seva mpya, hesabu yako ni tofauti na yangu.

Kazi yenyewe ilinichukua siku kumi na moja, saba kati ya hizo zikiwa za zile dakika 33. Jedwali la marekebisho liko kabatini sasa, nyuma ya faili la Machi, limesainiwa na watu wawili.