TAHADHARI: Dada anayekusanya vitu vya vichanga ni mwizi

Jamani wa Mtwara, hasa Chuno, Shangani na Mikindani, someni na mpelekeane. Tangu jana magharibi chakula hakipiti. Nimeibiwa, na kibaya zaidi nimesababisha watu waibiwe kwa mdomo wangu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba nikisema toeni, ni kweli, nimemwona.

Baada ya zile mvua tulianza kukusanya vitu vya watoto wachanga kwa ajili ya wazazi wasio nacho, wengi mnajua.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita, saa kumi jioni, niko barazani napepeta mchele. Hodi. Mdada wa miaka thelathini hivi, baibui jeusi, mtoto kalala mgongoni kwa kanga. Anasema ametoka Mahurunga, wifi yake kajifungua mapacha, wa kwanza kilo 2, wa pili kilo 1 na gramu 800, vitovu bado havijadondoka, na wote wawili wanafunikwa kanga moja. Nikamuuliza baba yao yuko wapi. Akajibu papo hapo: "Anangoja pesa ya mnada wa korosho, dada. Chama cha ushirika hakijalipa." Nani hapa kwetu asiyeijua hali hiyo? Korosho ziko ghalani, stakabadhi unayo mfukoni, na ndani hakuna hata kipande cha sabuni. Hapo ndipo aliponipata.

Nikamkaribisha chai, akasema amefunga, ni Jumatatu. Niliona haya hata kumshuku. Tena hakuomba pesa! Aliomba sabuni ya mche na nepi za kitambaa, "hata zilizotumika, dada yangu." Mtu anayeomba nepi kuukuu utamdhania mwizi?

Nikakusanya. Mabeseni mawili, doti tatu za kanga, masweta, kofia, soksi, chandarua kipya, pakiti nne za pampasi, na fuko la midoli. Mama Hidaya alitoa blanketi alilokuwa amemwekea mjukuu wake. Ndani ya fuko alikuwamo tembo wa kitambaa niliyemshona sikio kwa uzi mwekundu baada ya mwanangu kuling'oa. Nilimshika, nikasita, nikamrudisha fukoni. Mapacha watamchezea wakikua. Yule dada akakunja kila nguo polepole, sweta moja akaliweka puani, machozi yakamtoka: "Mwenyezi Mungu awalipe."

Bajaji ilipofika ndipo akasema nauli ya mzigo imempungukia, na yule pacha mdogo hanyonyi, anahitaji maziwa ya kopo. Nikatoa simu kumtumia 60,000. Likaja jina la mwanamume. Nikamuuliza, akasema laini ni ya kaka yake. Nikabonyeza namba ya siri.

Jana nilikwenda msibani Mikindani. Wakati wa kurudi, kando ya barabara, mtumba umemwagwa juu ya turubai, na juu ya rundo kakaa tembo wangu, na uzi wake mwekundu sikioni. 2,000! Kijana anayeuza hana kosa, aliniambia bila kuficha kwamba mzigo wote aliununua 45,000 kwa dada mwenye mtoto mgongoni, Jumanne asubuhi. Jumanne! Vitu vililala usiku mmoja tu. Nikatoa 2,000, nikamchukua tembo, nikalia ndani ya daladala mbele za watu.

Huyu ashikwe. Afikishwe mahakamani, alipe kila doti, na kwanza asimamishwe mbele ya wazazi wa kweli walioko wodini sasa hivi, ambao hawakuja hata na beseni. Na huyo kaka wa laini naye ashikwe. Simsamehi, na msiniandikie eti labda ana shida. Shida tunazo wote, hatuuzi nepi za mtoto mchanga.

Dalili zilikuwapo. Nilitaka kwenda naye nikawaone, akasema mzazi haoni wageni mpaka arobaini. Barua ya mtendaji wa kijiji hana. Na hilo la maziwa ya kopo, muuguzi mmoja ameniambia mtoto mdogo vile asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa ya mama yake akanyweshwa kwa kikombe, na kliniki wanasisitiza maziwa ya mama tu mpaka miezi 6. Na lile jina la mwanamume kwenye simu nimeshalisema.

Polisi nimetoa taarifa, ujumbe wake wa simu nimeupeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Namba ya huyo dada haipatikani. Mwenye cha kutoa aende mwenyewe kwa ustawi wa jamii au kliniki, amkabidhi mama mkononi.

Mliotoa kupitia kwangu, nitawarudishia kidogo kidogo. Beseni moja ni la bluu, chini lina herufi H iliyochomwa kwa msumari wa moto. Blanketi ni la kijani, pembe moja imeungua pasi. Ukiviona popote, nipigie hata usiku wa manane.