Mkunazini, Zanzibar: Maonyesho Kwanza, Vyumba Baadaye

Wageni wengi wanaofika Kanisa la Mkunazini, Mji Mkongwe, palipokuwa soko la watumwa, huteremka moja kwa moja kwenye vile vyumba vya chini vinavyosemwa walifungiwa watumwa, hupiga picha mbili tatu, kisha hutoka na huzuni tu. Ukienda hivyo utaona giza na mawe. Binti aliyeuzwa pale hutamwona. Anza na maonyesho, ndipo ushuke vyumbani, uingie kanisani, na umalizie Mbweni, kwenye magofu ya shule ya wasichana waliokombolewa utumwani.

Maonyesho yamo katika jengo la zamani la misheni ya Kianglikana. Yape saa nzima, na uyasome ukiwa bado na nguvu, maana ukishatoka vyumbani akili huwa imechoka. Yasome ukiwa na miaka mitatu kichwani. Mkataba wa 1873, aliotia sahihi Sultani Barghash, ulifunga soko na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, lakini haukumwacha huru aliyekwisha kununuliwa. Amri ya 1897 ilimruhusu mtumwa kudai uhuru wake, ila masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na mabwana wao, waliachwa nje. Wao walingoja mpaka 1909. Piga hesabu: msichana wa miaka 12 aliyenunuliwa 1873 na kuwekwa usuria, sheria ilimfungulia mlango akiwa na miaka 48. Kabla ya hapo alikuwa na njia ya sheria ya Kiislamu tu: suria akizaa na bwana wake hauzwi tena, mtoto anazaliwa huru, naye mama huwa huru bwana akifa. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema utumwa wa Unguja uliisha soko lilipofungwa, jua amewasahau wanawake.

Vyumba ni viwili. Dari iko chini, mtu mzima lazima ainame. Kuna vibaraza vya mawe pande mbili, mfereji katikati, na vijidirisha vyembamba. Hewa ni nzito, mwenye pumu asikae sana. Utaambiwa idadi ya watu waliojazwa humo. Ipokee kwa tahadhari, kwani jengo lililo juu lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba vyumba hivyo viliwahi kuwekwa watumwa. Kwamba soko lilikuwa kwenye kiwanja hiki, hilo halina ubishi. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu watano, wake kwa waume, wamesimama ndani ya shimo, mnyororo shingoni. Watazame nyuso, mmoja mmoja.

Kabla ya kwenda, ijue habari ya Swema, msichana wa Kiyao aliyechukuliwa kwa deni la mama yake. Mama aliufuata msafara ili asiachane na mwanawe, akafia njiani. Swema alifika Unguja akiwa hoi, hafai kuuzwa, akazikwa angali hai katika kaburi lisilo na kina. Kijana mmoja alisikia sauti, akamfukua na kumpeleka kwa masista wa misheni ya Kikatoliki. Baadaye, katika hospitali ya misheni, aliletwa majeruhi, na Swema akamtambua: ni yule aliyemtesa. Alishindana na moyo wake mpaka akamsamehe. Simulizi hii ilipita mikononi mwa wamisionari waliotaka kugusa nyoyo za wafadhili wa Ufaransa, kwa hiyo sauti ya Swema haikutufikia safi. Hata hivyo yale mashindano ya moyo ni yake, na ndiyo yanayobaki na msomaji.

Kanisani usikae muda mrefu. Madhabahu, kwa mapokeo ya hapa, ipo mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma yake. Funika mabega na magoti.

Usiikose Mbweni, kusini mwa mji, ingawa watembeza wageni wengi huiruka. Misheni ya Waanglikana ilinunua shamba hapo 1871, na ndipo ilipokuwa shule ya wasichana waliokombolewa, wengi wakiwa wametolewa majahazini. Caroline Thackeray alifika 1877 na kuisimamia kwa miaka mingi. Wengine walifunzwa ualimu, wengine kazi za mikono. Sasa ni magofu, kuta bila paa, na kanisa la Mtakatifu Yohana liko karibu. Hapa unamwona binti akiwa na jina, kitabu na sala yake. Tena usidhani faraja ilikuwa ya misheni peke yake: wengi zaidi waliipata katika Uislamu, na dhikiri za Qadiriyya, tarika ya Kisufi, ziliwapokea watumwa na waliokuwa watumwa.

Unapopatana na mtembeza wageni, mwambie mapema: nataka habari za wajakazi na masuria, na Mbweni iwemo. Usiposema, mzunguko wa kawaida utakupa mmisionari David Livingstone na Steere, na msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, kijiji alikofia Livingstone, basi.