WhatsApp Business na ukurasa wa Google kwa ofisi ya ushauri nasaha Dodoma: uzoefu wangu

Nina ofisi ndogo ya ushauri nasaha hapa Dodoma, maeneo ya Area C. Wenzangu wa fani hii wanaotaka kujiajiri huniuliza natangaza vipi mpaka wateja wanakuja, basi leo naandika nilichokitumia na nilivyokiona.

Kwanza uujue mji. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko hapa, na Mtanzania akitaka kumtania mwenzake humwambia atampeleka huko. Mtu wa Dodoma hata kama halali kwa mawazo, hatasimama kusoma bango lako barabarani. Wateja lakini wapo, tena wengi. Tangu serikali ihamie huku, kuna watumishi wamepanga chumba na sebule Nzuguni au Ilazo, mwenza na watoto wamebaki Dar. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kuna waliobanwa na mikopo ya kausha damu hadi wanazima simu mchana. Wote hawa wanajua kabisa kwamba wana jambo la kuzungumza, ila wanatafuta njia ya kukufikia jirani asijue. Mimi kila nyenzo ya kujitangaza naipima kwa kipimo hicho.

Nianze na iliyoniudhi. Kuna wakala wa matangazo ya mitandaoni, simtaji jina, niliyemkabidhi kurasa zangu za Instagram na Facebook kwa malipo ya mwezi. Posti zilitoka kila siku, rangi zinavutia, laiki zikapanda. Ukiangalia walaiki wenyewe ni washauri wenzangu na jamaa mmoja anayeuza viatu vya mtumba. Tangazo la kulipia likakataliwa, maana walilianza na “Je, una sonona?” Kanuni za matangazo za Meta, wenye Facebook na Instagram, haziruhusu tangazo linaloonyesha kwamba msomaji mwenyewe ana hali fulani ya afya. Ukiandika “Tunahudumia watu wenye msongo wa mawazo”, unaeleza huduma yako bila kumnyooshea mtu kidole. Anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kulijua hilo. Yeye aliniambia mtandao unasumbua.

Kilichotuachanisha ni ushuhuda. Kijana wao alikuja ofisini na kamera.

“Madam, tupate mteja mmoja tu. Mama mtu mzima, aeleze alivyokuwa na alivyo sasa. Akilia kidogo, hiyo video itasambaa.”

“Mteja wangu alie mbele ya kamera yako?”

“Sura tutamziba.”

Dodoma hii, ambapo mtu anajulikana kwa kitenge chake na kwa anavyokohoa! Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani zinakataza kabisa kumwomba ushuhuda mteja ambaye bado yuko kwenye tiba, na sababu yake ni rahisi kuielewa: atamkatalia vipi mtu anayemtegemea? Hapa kwetu nako kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Nikamlipa yule wakala mwezi wake, tukaagana.

Sasa ukurasa wa biashara wa Google. Ni bure. Uhakiki wangu, yaani kuithibitishia Google kwamba ofisi ipo kweli, ulikuwa wa video: unatembea na simu ukionyesha mtaa, kibao, na namba ya nyumba, ile tuliyowekewa wakati wa operesheni ya anwani za makazi 2022, halafu unafungua mlango kwa ufunguo wako mwenyewe. Fundi cherehani wa jirani aliniuliza kama nauza nyumba.

Uzuri wake ni kwamba mtu anatafuta “mshauri nasaha Dodoma” usiku akiwa kitandani, na hakuna anayemwona. Anakuta saa za kazi, namba ya simu na ramani. Nimeweka picha ya viti viwili na picha ya mlango na ngazi za kupandia. Hiyo ya ngazi ndiyo watu huniambia iliwasaidia, kwa sababu ukishajua pa kuingilia huna haja ya kumuuliza mwenye duka hapo chini.

Pa kuangalia ni kwenye maoni. Anayeandika anaweza kuonekana kwa jina la akaunti yake, kwa hiyo siwaombi wateja waniandikie. Akiandika mtu kwa hiari yake, najibu “Asante kwa maoni yako” na kuishia hapo. Hata “karibu tena” siiandiki, maana tayari umethibitisha kwamba alikuja. Siku akija wa kukutukana inabidi umeze. Mwenye hoteli anaweza kumjibu mteja kwamba alikula akaondoka bila kulipa, sisi hatuwezi.

WhatsApp Business ndiyo inayonifanyia kazi zaidi. Iko kwenye simu ileile yenye WhatsApp yangu ya nyumbani, ila kwa laini nyingine. Ujumbe wangu wa salamu unasema: “Karibu. Ujumbe huu nausoma mimi peke yangu. Kama unahisi unaweza kujidhuru, usisubiri nijibu, nenda hospitali iliyo karibu nawe sasa hivi.” Majibu ya haraka nayo yananipunguzia kuandika: nikigonga alama ya mkwaju (/) na neno “bei”, ada yote inatokea. Ada naitaja wazi. Ukimwambia mtu bei ni maelewano, anaona yuko sokoni Sabasaba.

Ila chagua jina la akaunti kwa akili. Linaweza kuonekana kwenye simu ya mteja, na simu za wanandoa zinashikwa na wote wawili. Yangu ina jina la kawaida tu, kama la ofisi yoyote ya mjini. Lebo za wateja nazo ziwe “mpya” na “amelipia”; usithubutu kuandika “ulevi” au “talaka”.

Status naipenda kuliko posti zote za yule wakala. Orodha ya waliotazama naiona mimi tu, wao hawaonani. Nikiweka maneno machache kuhusu ndoa za mbali, jioni hakosi mtu wa kuuliza nafasi ya Jumamosi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, baadhi ya wanandoa wanapanga hivyo: wa Dar anapanda treni, wanaingia kwangu pamoja. Lakini status humfikia tu mtu ambaye kila mmoja ana namba ya mwenzake, hivyo haikuletei mgeni kabisa. Wageni wanaletwa na Google, au na daktari, mchungaji, shehe au afisa utumishi anayemtumia mtu wake kiungo cha WhatsApp yangu.

Gharama kwangu ni laini ya pili, bando na kibao. Ukurasa wa Google ukishakaa sawa unajiendea wenyewe, labda ubadilishe saa za sikukuu. WhatsApp inataka mtu wa kujibu, na asiwe karani. Najibu asubuhi kabla ya mteja wa kwanza na jioni baada ya wa mwisho.