Viti vipya ndani ya Datsun 240Z: uzoefu wangu baada ya miezi saba

Datsun 240Z yangu, gari la spoti la Kijapani la viti viwili, ni ya mwaka 1972, na viti vyake vya asili vilikuwa vimekwisha kabla sijainunua. Mikanda ya mpira inayobeba sponji ilikatika mmoja baada ya mwingine, sponji yenyewe ikageuka unga uliomwagika sakafuni kila nilipopita tuta, na safari ya Kampala hadi Masaka ilikuwa ikiniachia maumivu ya kiuno ya siku mbili. Nilisita muda mrefu kugusa chochote ndani ya gari hili, kwa kuwa Afrika Mashariki inalikumbuka kwa heshima: 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mara hiyo ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lakini gari lililojengwa kwa safari ndefu linaonewa likibaki gereji kwa sababu ya kiti.

Nilinunua jozi ya viti vya spoti vyenye mbavu za kumshika dereva na mgongo unaolazika, vilivyofunikwa kwa kitambaa cheusi, ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya gari moja mahususi. Muuzaji wa hapa jijini alinitoza shilingi za Uganda milioni 2 na laki 4, pamoja na reli za kusogezea kiti na bereketi, yaani vyuma vya kukifungia sakafuni, ambazo alinihakikishia kuwa zinaingia gari lolote. Hakikisho hilo halikuwa kweli. Hakuna tundu hata moja la bereketi lililolingana na matundu ya sakafu ya gari langu, na kwa kuwa upande wa giaboksi na upande wa mlango havina kimo kimoja, kiti kilichowekwa juu ya bereketi bapa kilikaa upande kama mtumbwi uliopakiwa vibaya.

Fundi wa kwanza alipendekeza kuchomelea reli moja kwa moja kwenye sakafu. Nilimzuia, na ninamsihi yeyote mwenye gari la umri huu afanye vivyo hivyo. Bati la sakafu ni jembamba, mara nyingi lina kutu chini ya zulia, na moto wa kuchomelea hulitoboa au huliacha likiwa dhaifu pale pale linapotakiwa kuzuia uzito wa mtu wakati wa ajali. Isitoshe, reli zilizochomelewa haziwezi kutolewa tena bila kukata bodi.

Nililipeleka gari Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, kwa fundi wa vyuma ambaye kabla ya kushika grainda alikaa ndani, akanikalisha na mimi, kisha akapima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shida kubwa ni kimo, wala si matundu. Bereketi nilizouziwa pamoja na reli zake zilikuwa zimekiinua kiti karibu sentimita 6 juu ya kile cha zamani. Kichwa changu kiligusa paa, mapaja yakabanwa na usukani, na ili nione taa za barabarani ilinibidi niiname. Mimi nina urefu wa mita 1.80, na paa la 240Z ni la chini. "Mzee, hizi tuziweke kando," fundi aliniambia, "nikutengenezee zako."

Alitengeneza bereketi za ubavuni kwa chuma cha milimita 5, zinazokishika kiti pembeni badala ya kukibeba kwa chini, akazifunga kwenye matundu manne ya asili kwa boliti mpya zenye alama ya 8.8, inayoonyesha uimara wa chuma chake. Pale ambapo nati ya ndani ya sakafu ilikuwa imeliwa na kutu aliweka bamba pana kwa chini, ili nguvu isambae na boliti isichomoke na kipande cha bati. Kazi hiyo, pamoja na rangi ya kuzuia kutu, ilinigharimu laki 3 na nusu. Kiti sasa kiko chini kidogo kuliko cha asili.

Nafasi kati ya giaboksi na mlango ni finyu, na hilo halina dawa kamili. Kiti kilipolingana na katikati ya usukani, mbavu yake iliifunika kufuli ya mkanda wa usalama hata mkono haukuifikia, kwa hiyo tulikisogeza sentimita moja kuelekea mlangoni. Siku za mwanzo niliuhisi mpindo huo mgongoni, sasa nimeuzoea. Viti hivi vina matundu mabegani kwa ajili ya mikanda ya mashindano, nami sikuyatumia. Gari langu halina chuma cha kuzuia kupondeka kwa paa wala mhimili wa kufungia mikanda nyuma ya mabega, na mikanda inayoshuka hadi sakafuni huukandamiza uti wa mgongo gari linapogonga. Nimebaki na mkanda wa kawaida wa pointi tatu.

Kuhusu viti vyenyewe, ninaviheshimu. Sponji ni ngumu mwezi wa kwanza, kisha hulegea kiasi cha kupendeza, na mbavu zinanishika vizuri kwenye kona bila kunibana. Nimekwenda Masaka na kurudi mara nne, na Fort Portal mara moja, nikishuka garini bila kushika kiuno. Kitambaa kinanyonya vumbi kupita kiasi, na reli ya kushoto ilianza kutikisika mwezi wa tatu hadi nilipokaza nati zake.

Kiti cha abiria bado hakijatulia. Tulikifunga kwa kimo kilekile, na mke wangu, ambaye ni mfupi, akaniambia kwamba tangu Kampala hadi Mpigi alichoona ni dashibodi tu. Fundi wa Katwe anatengeneza bereketi nyingine, ndefu kwa sentimita 4. Viti vya asili nimevifunga kwa turubai na kuvihifadhi pamoja na boliti zake zote.