TAHADHARI: huduma ya "zinki ya njano ya kiwandani" kwa Datsun 240Z

Wadau wa magari ya zamani, hasa mnaorudisha 240Z kwenye hali yake ya kiwandani, kuna matangazo yanazunguka kwenye magrupu. Unatuma bolti, braketi na springi zako zote zikapakwe zinki ya njano, unatanguliza nusu ya malipo, kisha unarudishiwa mzigo unaong'aa kama umefunguliwa kwenye boksi la Nissan. Msitume kitu kabla ya kusoma hapa, maana mzigo unaorudi unaweza usiwe ule uliokwenda.

Watu hudhani mwizi anatafuta hela ya kupaka. Anachokitaka ni bolti zenyewe. 240Z ilifungwa bolti za vipimo vya Kijapani: ya milimita 8 ina kichwa cha spana 12, ya milimita 10 ina kichwa cha spana 14 na uzi wa 1.25 (yaani milimita kutoka jino moja la uzi hadi jingine). Nyingi zina namba 7 juu ya kichwa, alama ya daraja la uimara la Kijapani la wakati ule. Ukienda duka la vifaa leo, utapewa ya milimita 8 yenye kichwa cha 13, na ya milimita 10 yenye kichwa cha 16 au 17 na uzi wa 1.5. Kwa hiyo seti kamili yenye alama zake ni mali. Tangu Edgar Herrmann na Hans Schüller washinde Safari Rally ya 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta na Lofty Drews waje kushinda ile ya 1973, gari hili lina wapenzi wengi huku kwetu, na penye wapenzi wengi matapeli hawakosekani.

Basi mzigo ukirudi, shika spana ya 12 kwanza. Isipoingia kwenye bolti za milimita 8, umebadilishiwa. Hizo ndogo za milimita 6 hazikusaidii, kichwa ni 10 huku na huku. Zile za milimita 10 zizungushe kwa vidole kwenye nati uliyobaki nayo. Uzi wa 1.5 utaingia mizunguko miwili mitatu kisha utagoma, na fundi mwenye haraka ataongeza nguvu ya spana hadi ale uzi wa kwenye bodi. Alama ya 7 nayo itazame vizuri. Ikiwa imefifia, bolti ilisagwa au ilipigwa mchanga kupita kiasi. Ikiwa haipo kabisa, jibu unalo.

Sasa rangi. Zinki iliyotiwa kromati ya njano ile ya zamani, yaani dawa inayoipa zinki rangi na kuikinga, haina rangi moja. Ukiigeuza kwenye jua unaona dhahabu, kijani na waridi vikipishana, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Ukiona njano moja iliyotulia kama kitasa cha shaba, ni rangi ya kopo au vanishi yenye rangi juu ya zinki nyeupe. Loweka pamba kwenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, sugua kwa nusu dakika. Pamba ikigeuka njano, umepakiwa rangi. Jaribio hili lifanywe angalau siku moja baada ya kazi kutoka, kwa sababu kromati mbichi huwa laini na hata iliyo halali inaweza kufutika.

Unene pia wanaudanganyia. Wanajisifu kwamba wanapaka "nene isiyoshika kutu milele". Mikroni 5 hadi 8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) zinatosha kwa vitu vya chini ya boneti. Kwenye uzi wa bolti, kila mikroni moja ya zinki inaongeza kipenyo cha uzi kwa mikroni nne, kwa hiyo ukipaka 25 nati haitapita, na hapo ndipo watu huanza kupitisha tepu ya kukatia uzi na kukwangua zinki yote waliyoilipia.

Haya yote ni hasara ya hela. La hatari ni springi. Kabla ya kupaka, chuma huoshwa kwa asidi kuondoa kutu, na asidi pamoja na umeme wa kupakia huingiza haidrojeni ndani ya chuma. Bolti yenye 7 haiumii, ni chuma laini kiasi. Chuma kigumu sana, yaani springi, klipu za kubana na bolti ngumu za daraja la 12.9, hubaki na haidrojeni hiyo ndani na kinaweza kupasuka ghafla baadaye. Dawa yake ni kukioka kwenye oveni kwa takribani nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa kadhaa, kikiingizwa ndani ya saa nne baada ya kupakwa, na kabla ya kutiwa kromati, kwa kuwa kromati ya njano huharibika ikipita nyuzi 66 hivi. Muulize mtu wa huduma swali moja tu: "Unaoka kabla ya kromati au baada?" Akikujibu "baada", au akicheka, chukua vitu vyako. Na akikuambia amekubadilishia bolti kwa 12.9 "imara zaidi" bila kuzioka, amekupa bolti inayoweza kukatika kichwa usiku gari likiwa limeegeshwa.

Busta ya breki, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki, nayo ilitoka kiwandani na njano hiyo hiyo. Wengine huichovya nzima kwenye asidi. Inatoka inapendeza, ila asidi imebaki ndani na inakula daiframu, utando wa mpira ulio ndani yake. Lazima ifunguliwe, yapakwe magamba yake ya chuma peke yake, kisha ifungwe na mpira mpya.

Kama ni lazima utume, panga kila kitu juu ya karatasi nyeupe kando ya rula, piga picha vichwa vikionekana, hesabu, kisha pima uzito wa kila mfuko. Tuma mfuko mmoja wa braketi kwanza. Bolti zenye alama zibaki nyumbani hadi uone huo mfuko umerudi.

Wauzaji hao hao wana vibao vipya vya namba ya chesisi. Namba halisi imegongwa kwenye ukuta wa bodi unaotenganisha injini na abiria, haijachorwa kwa leza, na ya gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30. HLS30 ni usukani wa kushoto.

Aliyekwisha kupokea mzigo wa aina hii asifunge springi ya kurudishia kabureta. Ikikatika barabarani, mafuta yanabaki wazi. Weka mpya isiyopakwa kitu, hata kama rangi yake haifanani na ya kiwandani.