Miezi mitatu na mafuta ya habasoda: chupa ya kwanza niliimwaga

Ilikuwa chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni habasoda asilia, asilimia 100. Nikaonja, nikasubiri kuchomwa. Wapi! Mafuta yaliteleza kooni kama mafuta ya kukaangia. Habasoda isiyochoma ni kama pilipili isiyowasha, kwa hiyo nilijua nimeuziwa mafuta mengine yaliyonusishwa habasoda kidogo. Muuzaji simtaji, lakini pesa yangu haikurudi.

Ya pili nilinunua kwa akili. Ni ya kioo cheusi, na kwenye lebo wameandika jina la kitaalamu la mmea, Nigella sativa, kwamba mafuta yamekamuliwa bila moto, tarehe ya kukamuliwa, na kiasi cha thaimokwinoni. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nitoe pesa. Mafuta ya habasoda, sehemu kubwa, ni mafuta ya kawaida ya mbegu: asidi ya linoleiki kwa wingi, ile ya omega-6 ambayo hata alizeti inayo. Kinachoitofautisha habasoda na alizeti ni mafuta tete, yaani yale yanayoruka hewani kwa urahisi, sehemu ndogo sana ya mbegu, na humo ndimo ilimo thaimokwinoni ambayo watafiti wamehangaika nayo zaidi. Ndiyo inayochangia ule ukali na ile harufu. Haipendi joto wala mwanga, ndiyo maana chupa nyeupe iliyokaa juani dukani ni hasara hata kama mafuta yalikuwa halisi siku yalipotiwa humo.

Wengine hununua mbegu wakasage wenyewe. Ni sawa, ila angalieni msipewe ufuta mweusi. Nimeshuhudia mtu akiutafuna kwa imani kubwa wiki nzima. Mbegu ya ufuta ni bapa na laini kama tone. Ya habasoda ina kona kona na ngozi yake imekwaruza, na ukiiponda vidoleni harufu inakufikia kabla hujaipeleka puani.

Sasa matumizi. Nilikunywa nusu kijiko cha chai, yaani mililita 2.5, asubuhi na jioni baada ya kula. Kipimo hicho sikukibuni. Kimetumika katika jaribio moja la wiki 8 lililopima presha za watu wenye afya, na presha zao zilishuka kiasi. Siku ya kwanza nilikunywa kabla ya kula, kwa ujuaji wangu, nikapata kiungulia na kubeua habasoda mpaka mchana. Baada ya hapo nikachanganya na asali. Bado ni chungu, ila inapita.

Kilichonipeleka huko ni presha. Daktari alikuwa ameniambia imeanza kupanda, bado si ya kuanzishiwa dawa, nipunguze chumvi na nitembee. Nilianza vyote kwa pamoja: mafuta, chumvi kidogo, matembezi ya jioni. Miezi mitatu baadaye kipimo kimeshuka. Nani kaishusha? Ningependa kusema ni habasoda, maana ndiyo niliyoilipia, lakini chumvi na miguu yangu vina haki ya kudai pia. Kama ningekuwa makini ningeanza kimoja kimoja.

Niliporudi kwa daktari nikamtajia mafuta haya, nikitarajia kugombezwa. Hakugomba. Aliniuliza kama natumia dawa yoyote ya sukari, ya presha au ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa habasoda inaweza kushusha sukari na presha juu ya kile ambacho dawa imeshakishusha, na inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Akasema siku nikipangiwa upasuaji niwaambie mapema ili waniachishe. Kwa mjamzito alisema kunywa habasoda kwa kijiko kama dawa si jambo la kujaribu. Lebo ya chupa yangu, iliyosheheni maneno kuhusu kinga na nywele na ngozi na viungo, haina hata mstari mmoja wa onyo la namna hiyo. Hapo ndipo watengenezaji hawa wameniudhi.

Na ngozi, jamani. Nilijipaka mafuta hayahaya shavuni bila kuyapunguza makali, eti chunusi zikauke. Asubuhi shavu jekundu, vipele vidogo vidogo, likiwasha siku nne. Si mimi peke yangu, madaktari wa ngozi wameshaandika habari za watu waliopata vipele kwa kujipaka habasoda. Kama lazima upake, jaribu tone moja mkononi kwanza, ungoje siku mbili.

Vidonge vya mafuta haya pia nilivijaribu kwa wiki moja safarini. Havina uchungu, na kwangu hiyo ndiyo kasoro yake: ulimi wangu ndio uliokamata ile chupa ya kwanza, na kidonge hukimezi kwa kukionja.

Nyota tatu kati ya tano. Mafuta yenyewe ningeyapa nne. Moja nimeiondoa kwa ajili ya lebo yao. Imebaki robo chupa, ipo kabatini gizani, na nikiimaliza nitapumzika miezi mitatu, nitembee tu na kupunguza chumvi, nione kipimo kitasemaje.