Hita ya injini ya ndege ndogo: oili ya moto haitoshi

Kila baridi ikiingia huku Minnesota, Marekani, napokea lalamiko lile lile: "Dada, hita ninayo, oili inapata moto, lakini fundi kafungua injini kakuta kutu kwenye kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu." Ukiuliza hita gani, ni pedi ya kubandika chini ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Pedi hiyo inapasha oili, basi. Lakini oili ina maji yaliyobaki petroli ilipoungua. Yakipata moto yanapanda mvuke, yanakuta chuma baridi huko juu, yanageuka matone. Kwenye injini za Lycoming O-320 na O-360 kemshafti iko juu ya krenkshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo ndiyo inayolowa. Halafu bloku ya alumini husinyaa kwa baridi zaidi kuliko krenkshafti ya chuma, beringi zinazoishika krenkshafti zinabanwa, na unapopiga stata zinasagika. Geji ya oili haikuambii hata moja kati ya hayo.

Kwa hita, namba moja kwangu ni za kampuni ya Tanis, na upendeleo siufichi: ni kampuni iliyokulia hapa hapa Minnesota, mji wa Glenwood. Kila kichwa cha silinda kinapata kipashio chake, sampu nayo pedi yake. Namba mbili Reiff, mikanda inayokumbatia silinda. Ukifungiwa hiyo huna cha kulalamika. Ila yoyote utakayochukua, vika boneti blanketi na uzibe matundu ya mbele, la sivyo unaipashia joto theluji.

Mashine ya hewa moto ni ya kiwanja kisicho na umeme. Usiridhike silinda zikiwa vuguvugu kwa nje. Elekeza bomba kwenye bloku na sampu pia.

Pedi peke yake? Iwashe usiku wa kuamkia safari, usiiache wiki nzima.

Lycoming wanataka injini zao nyingi zipashwe kabla ya kuwashwa, baridi ikishuka chini ya nyuzi -12 za Selsiasi. Ukiwa angani oili ifike kama nyuzi 82, maji yatoke. Isipofika, kaulizie vibao vya baridi vya kuziba matundu ya boneti.

Sasa bei, jamani. Muuzaji mmoja nilimuuliza blanketi bei gani, akanijibu, "Una ndege gani?" Kitambaa na sponji vile vile, lakini mwenye injini mbili anatajiwa bei ya kununulia pikipiki! Na waya wa kuchomeka ukutani ukishaitwa "wa ndege" unapanda maradufu. Nunueni Juni, wakati hawana wateja.